Inchi Sita na Nusu

Mimi sikuumbwa kukaa tuli. Stima ilipofika kwenye vibanda vyetu vya Kitengela, mafundi wenzangu walinunua mota za cherehani, mimi nikakataa. Miguu yangu lazima ifanye kitu. Nikiwa na wasiwasi hukanyaga hata kama hakuna kitambaa chini ya sindano, na mume wangu, ambaye husinzia mara tu anapoketi, amenitania miaka yote kwamba nimeshatembea hadi Namanga na kurudi bila kutoka dukani.

Kabla ya kusimulia lolote, acha nieleze jambo moja kuhusu kazi yetu. Fundi wa nguo za wanawake hamwambii mteja kwamba mwili wake umeongezeka. Hasemi, hata kwa utani. Mteja akija kujaribu nguo ikamkataa, fundi hushika kitambaa, hukivuta huku na huku, hukunja uso kana kwamba muuza vitambaa ndiye mwenye makosa, kisha husema, "Kitambaa kimerudi." Yaani kimepungua kilipoguswa na maji. Hata kama hakijaona tone la maji tangu kitoke kiwandani. Mteja anashusha pumzi, fundi anafumua mshono, anatumia ile akiba aliyoiacha ndani tangu mwanzo, na hakuna aliyeaibika. Nimesema maneno hayo mawili mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu.

Kushona kwa mkono nilifundishwa na mama, nikiwa darasa la tatu, kwetu upande wa Machakos. Alinipa gauni lake la zamani la maua ya buluu. Mikono yote miwili ya gauni hilo ilikuwa imepasuka kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Akanipa sindano, uzi na kigoda, akaniambia nizibe ile mipasuko. Nilishona kwa siku tatu baada ya shule, nikijidunga na kulamba kidole. Nilipomaliza, mama aliligeuza gauni nje ndani, akapitisha kidole juu ya mishono yangu mikubwa ya kitoto, akasema nina mkono wa fundi. Mama si mtu wa kusifu. Sifa ile ndiyo iliyonifikisha Kitengela na cherehani kichwani, na gauni lile pia nililibeba.

Mdogo wangu alikuja kukaa kwangu mwaka uliofuata ile mvua ya Elinino. Alikuwa mwalimu wa nasari, ameolewa karibuni, na mumewe alifanya kazi kule Magadi. Joto la Magadi si la kuchezea, na yeye alikuwa na mimba yake ya kwanza, kwa hiyo shemeji alimleta Kitengela na sanduku moja na godoro. Alisimama mlangoni pa duka langu, kofia mkononi, akaniambia, "Dada, nakuachia huyu. Mimi nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi." Nikamjibu kwamba mimi nimezaa wawili, najua yote. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya wateja.

Wakati huo kanisa letu lilikuwa linamalizia jengo jipya, la mawe, na akina mama wa kwaya walitaka sare kwa siku ya kulifungua. Kazi yote nilipewa mimi. Gauni la zambarau, kola nyeupe, mikono mirefu inayoishia kwenye kafu nyeupe zenye vifungo viwili. Mwenyekiti wa akina mama ndiye aliyezitaka hizo kafu. Alisema mkono ulio wazi hauna heshima madhabahuni. Akina mama ishirini na watatu, vifundo arobaini na sita. Nilivipima vyote kwa tepu nikaviandika kwenye daftari. Mdogo wangu aliimba sauti ya kwanza, alisimama mbele. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Kifundo chake: inchi sita.

Nilipomwita kujaribu gauni, wiki chache zilikuwa zimepita. Kiunoni nilikuwa nimeacha nafasi ya kutosha kwa ajili ya mtoto, na hapo lilikaa vizuri. Ila kafu haikufunga.

"Dada, hii mkono inanibana," alisema. "Hii kifungo haifiki."

Nilimpima. Inchi sita na nusu. Nikatazama daftari, nikatazama tepu. Hapa ndipo sitajitetea. Kiuno huongezeka, kifua huongezeka, hata shingo, lakini kifundo cha mkono hakina mahali pa kuweka mafuta. Mwanamke anaweza kuniongezea inchi nne kiunoni na kifundo kikabaki palepale. Fundi yeyote anajua. Nilijua, na kwa dakika moja nzima miguu yangu iliacha kukanyaga. Kisha nikajiambia kwamba siku ile ya kwanza nilikuwa na haraka, nilipima vibaya, na nikaona haya. Nilimwonea haya mdogo wangu mwenyewe, kwamba ataniona fundi ovyo.

"Kitambaa kimerudi," nikasema.

"Kwani umekifua?"

"Nililowesha kabla ya kukata. Siku hizi wanatuuzia takataka."

Alicheka. Nikasogeza vifungo hadi ukingoni kabisa mwa kafu, na kando ya ile sita nikaandika sita na nusu. Sikuandika kwa nini.

Baadaye ilikuwa miguu, na miguu haihitaji tepu. Viatu vyake vya kufundishia vikabaki chini ya kitanda, akawa anaenda shuleni na ndara. Kila mtu alikuwa na jibu. Majirani walisema ni maji ya Kitengela. Maji yetu ya kisima ni ya chumvi, chai yake ina ladha ya bati, na watoto waliokulia hapa meno yao ni ya kahawia. Lolote likimpata mtu hapa, maji ndiyo hulaumiwa kwanza. Mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi aliweka kibuyu chini, tukasalimiana kwa Kimaasai changu cha kubabaisha, "Takwenya," "Iko," halafu akamtazama mdogo wangu miguuni.

"Huyu anakula sana," aliniambia. "Sisi mimba ikikua, mtu anapunguza chakula, mtoto atoke mdogo. Wewe unamlisha kama ng'ombe ya kuuzwa."

Nikamjibu kwamba sisi Wakamba tumezoea njaa ya ukame, si ya kujitakia, tukacheka. Lakini nikaanza kununua maji ya mvua kutoka kwa mtu mwenye tangi, na chumvi nikaipunguza kwenye mboga. Nilikuwa na shughuli nyingi za kumlinda. Nilizunguka nyumba nikipekua vyombo. Jambo lililobaki ni lile dogo tu la kumpeleka apimwe, nalo sikulifanya.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa siku za Alhamisi. Mwanzoni alikwenda, presha ikawa sawa, mkojo ukachemshwa kwenye kichupa mbele yake ukabaki mwangavu, akarudi akinionyesha kadi kwa maringo kama ripoti ya shule. Tarehe iliyofuata iliangukia siku ambayo mwenyekiti aliitisha kwaya nzima dukani kwangu, wajaribu sare pamoja. Mdogo wangu aliniuliza afanye nini.

"Kliniki haihami," nikamwambia. "Utaenda wiki ijayo."

Siku hiyo kafu zake zilikataa kabisa kufunga. Sikupima. Nilikuwa na wanawake ishirini na wawili wengine wamejaa mlangoni, wakivua na kuvaa na kuchekana, na sikutaka kuona nambari. Nilizifumua kafu zake, nikaongeza kipande cha kitambaa, nikapitisha lastiki ndani. Kwa nje zilifanana na za wengine. Nilijisifu kwa ujanja huo. Mwenyekiti mwenyewe alizikagua asigundue.

Mama alifika kutoka Machakos siku mbili kabla ya sherehe, na kuku wawili na dumu la maji ya mvua, maana hata kwetu habari ya maji ya Kitengela imefika. Alipomwona mdogo wangu anakuja kumpokea na ndara zake, hakumshika mkono. Aliinama, akabonyeza mguu wake juu ya kifundo kwa kidole gumba, akakiondoa. Palibaki shimo. Tulilitazama sote watatu.

"Kichwa inakuuma?" mama aliuliza.

"Kidogo. Ni vumbi ya chaki."

"Na macho?"

"Macho iko sawa, mama. Saa zingine naona vitu kama nyota nikiinuka."

Mama akanigeukia. "Twende hospitali."

"Leo?" nikasema. "Mama, ni kuvimba tu. Hata mimi nilivimba."

"Wewe hukuvimba mikono."

Kweli sikuvimba mikono. Nilikasirika jinsi mtu anavyokasirika akiguswa mahali anapojua pana kidonda. Nikamuuliza mama ni lini alisomea udaktari. Nikamwambia sare kumi bado hazina vifungo. Mdogo wangu naye akambembeleza, kwamba Jumatatu ataenda, atawaambia wamhesabie na ile Alhamisi aliyokosa. Mama akafungua mdomo, nikaona kuna neno linakuja, kisha akaufunga akaenda kuwachinjia watoto wangu kuku. Siku mbili zile hakukaa chini. Kila nilipoinua macho kutoka kwenye cherehani alikuwa mlangoni, akimtazama bintiye anavyotembea. Nilidhani kutotulia kwangu kumetoka kwa baba. Siku hizo niliona kumetoka kwake.

Jumapili ile kanisa lilijaa hadi madirishani. Kwaya ilisimama kwa wimbo wa tatu, zambarau tupu, kafu nyeupe zikipanda na kushuka, na mimi nilikaa safu ya pili nikihesabu mishono yangu. Mdogo wangu alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo mbali na uso, halafu karibu, halafu mbali tena. Alipokiinua, mkono wa gauni ulishuka kidogo, nikaona lastiki yangu imezama kwenye nyama. Nyama ilikuwa imepanda juu yake pande zote mbili. Vidole havikuwa vidole vyake. Akaacha kuimba. Akaweka mkono chini ya mbavu, upande wa kulia, akajikunja kana kwamba amepigwa.

Mama aliinuka kabla yangu. Alipanda madhabahuni na kandambili zake, mbele ya wageni wote, na mwanamke huyo ambaye hata kukohoa kanisani huomba radhi alipiga kelele kwa Kikamba kwamba mtoto wake anaenda kuanguka. Nilimsikia vizuri. Hakusema ameanguka. Mdogo wangu alikuwa bado amesimama.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mkikuyu mmoja aliyetoa mabati ya jengo lile, alikuwa na pikapu nje, akasema twende Kajiado, leo barabara ya Nairobi haipitiki, imefungwa na lori. Tulimlaza nyuma juu ya mifuko mitupu ya simiti, kichwa kwenye mapaja ya mama, miguu kwenye yangu. Nyanda zilipita, pundamilia walisimama kando ya ua wa waya kama siku yoyote ile. Nilimsemesha njia nzima. Nilimwambia habari za sare, habari za mwenyekiti, sijui nini. Alisema, "Dada, punguza mwanga." Ilikuwa saa tano ya mchana. Tulipopita Isinya mama alimwekea kishikio cha kijiko cha mbao katikati ya meno. Alikuwa amekuja nacho mkobani. Alitoka nacho Machakos.

Alianguka tukiwa langoni mwa hospitali, kuanguka kwa degedege, hapo hapo alipolala. Sitaeleza jinsi mwili wake ulivyofanya. Nilidhani amekufa, na nilidhani hivyo kwa muda mrefu zaidi ya ule uliopita kwa saa. Manesi wawili walimchukua mbio na machela. Walitaka kumfunga mkanda wa kupima presha, gauni halikukunjika, walitaka mshipa wa kuwekea sindano, gauni halikukunjika, na mmoja wao akachukua makasi akapasua mikono yote miwili kutoka kwenye kafu hadi kiwikoni. Nilisikia kitambaa kikilia. Kisha pazia likafungwa. Daktari alitoka mara moja tu akatuambia ni kifafa cha mimba, presha imepanda mno, mtoto lazima atoke sasa, na kwamba anajaribu kuwaokoa wote wawili lakini tusali kwa ajili ya mama wa mtoto.

Walimwokoa mdogo wangu. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia.

Tulikaa kwenye benchi la simiti nje ya wodi, mama na mimi, na nesi akaniletea gauni kwenye mfuko wa nailoni. Nililitoa. Mtu mwingine angekaa na huzuni yake tu, lakini mikono yangu haikujua kufanya kingine isipokuwa kukagua nguo. Nikaona mikato. Ilinyooka. Kitambaa kilichoraruka chenyewe hufuata uzi na kuacha nyuzinyuzi. Kilichokatwa kwa makasi huacha ukingo safi, na kila mahali makasi yanapofunguliwa upya hubaki kidato kidogo. Nilikuwa nimewahi kuiona mikato hiyo. Niliiona nikiwa darasa la tatu, kwenye kigoda.

"Mama," nikasema. "Lile gauni lako la maua ya buluu halikupasuka."

Hakuuliza gauni gani.

"Ilikuwa ni wewe tumboni," akasema. "Nilifura mpaka nguo ikakataa kutoka. Mkunga akakata. Halafu nikaanguka, mara mbili, povu mdomoni. Nilipoamka nilikupata umezaliwa, na mama mkwe amefunga nguo zangu. Alisema hakulipa mbuzi wa mahari kwa mtu wa kuanguka. Nilikaa kwetu miezi minane kabla baba yako hajanifuata."

"Na hukutuambia."

"Ningewaambia nini? Kwamba kwa damu yenu kuna kuanguka? Nani angekuja kuwaoa? Wewe ukazaa wawili vizuri, nikasema imeisha."

"Kwa nini ulinipa mimi nishone?"

"Nilitaka isionekane tena," akasema. "Na ulishona vizuri."

Aliniapisha pale pale. Mdogo wako asijue, alisema, ataogopa kuzaa tena, na wakwe zake wakisikia itakuwa ni yale yale ya kwangu. Nikaapa. Niliapa haraka kwa sababu nilikuwa na langu la kuficha, na yeye hakulijua. Daftari lilikuwa dukani, na ndani yake sita, na kando yake sita na nusu.

Mdogo wangu alipopata nguvu alinipa pole mimi. Alisema, "Ilikuja ghafla tu, dada. Hakuna mtu angejua." Nikamkubalia. Nilimpikia uji, nikamwosha, nikamsindikiza kwa mumewe Magadi, na niliporudi Kitengela nikaketi kukanyaga cherehani tupu hadi usiku.

Tangu hapo nilipima vifundo vya watu bila ruhusa. Mteja mwenye mimba akija hata kwa sketi, nilimpima mkono. Nilikuwa msumbufu. Niliwauliza kuhusu kichwa, macho, mbavu, tarehe ya kliniki, mpaka mmoja akaniambia hakuja kushonewa gauni na daktari wa kienyeji, akaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Mwingine nilimkatalia nguo mpaka anionyeshe kadi, akaenda kliniki kwa hasira ili anikomeshe, wakamlaza siku hiyo hiyo. Alirudi na mtoto mgongoni. Nilimshonea bure, lakini usingizi wangu haukurudi, kwa sababu niliweza kumwambia ukweli mwanamke nisiyemjua na nikashindwa kumwambia aliyetoka tumbo moja nami.

Miaka mitano ikapita hivyo. Simu za mkononi zikafika, maghorofa yakaanza kuota. Siku moja mdogo wangu akapiga simu kutoka Magadi, na alivyosema "dada" tu nikajua. Nilifunga duka. Kesho yake alikuwa kwangu, na keshokutwa, mimba haijafika miezi mitatu, tulikuwa kliniki, yeye, mimi na mama.

Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua kadi mpya akaanza maswali, kalamu tayari. Mimba ya ngapi. Ya kwanza ilikuwaje. Mdogo wangu akaeleza, kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma.

"Katika familia yenu kuna mtu aliwahi kupata presha ya mimba, ama kuanguka akiwa na mimba? Mama? Dada?"

"Hakuna," alisema mdogo wangu.

Kalamu ikaandika. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili mapajani. Miguu yangu ilikuwa inakanyaga sakafu ya kliniki, hakuna cherehani, na nesi akaniangalia juu ya miwani kana kwamba ananiambia nitulie.

"Futa hiyo," mama akasema.

"Nini, shosho?" nesi akamuuliza mama.

"Futa. Niko na kitu. Mimi nilianguka. Nilianguka nikiwa na huyu mkubwa."

Mdogo wangu aligeuka taratibu sana. Nesi hakushangaa, alifuta neno moja, akaandika lingine, akamuuliza mama mara ngapi, mimba ilikuwa ya miezi mingapi, mama akajibu yote, na machozi yalimtoka bila sauti akiwa anajibu. Kisha nesi akarudi kwa mdogo wangu.

"Sasa ile ya kwanza. Kufura kulianza lini?"

"Siku ile ile, ama siku chache kabla. Ilikuja ghafla."

Huo ulikuwa mlango, na ungefungwa kama nisingeingia. Nilifungua mkoba wangu nikatoa daftari. Nimelibeba miaka yote; mume wangu alidhani ni la hesabu za duka. Nikaliweka mezani mbele ya nesi, ukurasa wa kwaya, nikaweka kidole.

"Si kweli," nikasema. "Haikuja ghafla. Wiki sita kabla ya kuanguka mikono ilikuwa imeongezeka nusu inchi. Iko hapa. Baadaye ikazidi, sikupima, nikatia lastiki. Na kliniki aliyokosa, ni mimi nilimwambia asiende."

Nesi alisoma, akaandika kwenye kadi, akapigia mstari chini. Alisema kuvimba peke yake si kipimo cha kuaminika, lakini kwa huyu, na mama huyu, na mimba ile, hatasubiri kuona kitu ndipo aamini. Atampa tembe ndogo ya kumeza kila siku. Atamtaka kila wiki mbili, baadaye kila wiki, presha na mkojo, na atajifungulia hospitali, si penginepo. Alitaja na mwezi ambao tukae macho zaidi. Niliyasikia yote na sikuyasikia, kwa sababu mdogo wangu alikuwa bado ananitazama.

"Uliniambia kitambaa kimerudi," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza kama umekifua. Ukasema ulikilowesha."

"Nilikudanganya. Hakikuwa kimeona maji."

Nilingoja anipige, nilitamani anipige. Nje watoto wa watu walikuwa wanalia kwenye foleni ya chanjo. Mdogo wangu akainamisha kichwa, nikaona midomo yake inahesabu, wiki moja, mbili, tatu, mpaka sita. Alihesabu zile wiki ambazo binti yake angeweza kuokolewa. Hakuna kitu nilichowahi kutazama kikaniuma kama midomo ile.

Halafu alifungua kifungo cha mkono wa sweta yake, akaupandisha hadi kiwikoni, akaunyoosha mkono juu ya meza ya nesi, juu ya daftari langu. Hakunitazama usoni.

"Pima," alisema. "Na useme kwa sauti."